Gari la milioni 6 linavyofika Moshi likiwa la milioni 13

Kila mwaka Agosti ikikaribia kwisha, napokea simu za aina moja. Mtu yuko Dar au Dodoma, kwao ni Kibosho au Marangu, na Krismasi hii anataka apande mlimani na gari lake mwenyewe. Ameliona kwenye tovuti ya wauzaji wa Japani: Toyota IST, nyeupe, haina hata mkwaruzo, bei imeandikwa kwa dola ambazo ukizigeuza unapata kama shilingi milioni 6. Anauliza swali moja tu: “Kaka, nilipie?”

Huwa namwambia asubiri. Gari linaweza kuwa zuri kabisa, ila bado hajaijua bei yake. Alichokiona ni bei ya muuzaji. Bei ya gari hilo likiwa barabarani Moshi, lina namba na kadi, ni nyingine, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaamuliwa siku ile anayochagua gari, wiki nyingi kabla meli haijang'oa nanga. Akishalipa, hakuna wakala wala ndugu wa bandarini atakayeipunguza kwa njia halali.

Tuanze na herufi zinazowachanganya wengi. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini kule linakotoka. CIF ni bei hiyo ukiongeza nauli ya meli na bima mpaka Dar es Salaam. Tovuti nyingi huweka FOB kwa maandishi makubwa kwa sababu inavutia macho. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inatoza kodi zake juu ya CIF, kwa hiyo hata nauli ya meli inaingia kwenye hesabu ya kodi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalitegemei: kodi za gari zinapandiana mgongoni. Chukua gari lililothaminiwa shilingi 10,000,000 CIF, injini ya cc 1,496, umri zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Sasa tuna 12,500,000. Juu ya hiyo 12,500,000 unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 ni sifuri, kutoka hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, ikizidi cc 2,000 ni asilimia 10. Letu ni asilimia 5, yaani 625,000. Kisha ushuru wa uchakavu, ule ambao mawakala na mafundi wote wanauita dampingi. Gari dogo la abiria la miaka 8 hadi 10 hubeba asilimia 15. Likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Letu linabeba 3,750,000. Jumla imefika 16,875,000, na hapo ndipo VAT ya asilimia 18 inapopigwa: 3,037,500.

Kodi peke yake: 9,912,500. Karibu gari jingine.

Bado hujaweka ada ya forodha ya asilimia 0.6 ya FOB, wala tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya CIF. Bado tozo za bandari, malipo ya kampuni ya meli, ujira wa wakala, usajili na mafuta ya kupandia huku. Ndiyo maana ile IST ya milioni 6, hata tukiichukua milioni 6 hiyo kuwa CIF, ikiwa imezidi miaka 10 ina kodi ya 5,947,500, na ikifika Moshi inakuwa imekula karibu milioni 13.

Sasa rudia hesabu ya gari lile la milioni 10, ubadilishe umri tu. Likiwa na miaka 8 hadi 10, kodi inashuka mpaka 7,700,000. Likiwa chini ya miaka 8, ushuru wa uchakavu unatoweka na kodi inakuwa 5,487,500. Tofauti ya juu na chini ni 4,425,000, na gari ni la thamani ileile.

Utasema gari jipya zaidi haliwezi kuwa na bei sawa na la zamani, na ni kweli. Basi linganisha mawili yenye injini ya ukubwa uleule. La kwanza ni la miaka 12, CIF milioni 6. Ukiongeza kodi hizo nne kuu linafika 11,947,500. La pili ni la miaka 7, CIF milioni 8. Ukiongeza kodi linafika 12,390,000. Kule Japani yalitofautiana milioni 2. Yakishatoka forodha yanatofautiana 442,500. Kwa pesa hiyo umepata gari jipya zaidi kwa miaka mitano, ambalo halitakufanya mteja wa kudumu wa mafundi wa Unga Limited kule Arusha. Mimi ningechukua la pili bila kufikiri mara mbili, na nasikitika kila ninapomwona mtu aliyejinyima miaka mitatu akilipia la kwanza kwa sababu ya zile milioni 2 alizoziona kwenye skrini.

Injini nayo itazame kwa jicho hilohilo. Passo ya cc 996 haina ushuru wa bidhaa kwa upande wa injini. RAV4 ya cc 1,998 imeponea chupuchupu kwenye asilimia 5. Harrier ya cc 2,362 imevuka mstari, inalipa asilimia 10, na VAT inapigwa juu ya hiyo asilimia 10 pia. Sisemi usinunue Harrier. Ukiwa unapanda Kibosho wakati wa masika unajua kwa nini watu wanataka gari lenye nguvu. Ila ujue mstari uko wapi kabla hujapenda picha.

Thamani nayo ina mambo yake, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Forodha zetu zinaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na msingi wa sheria hiyo ni kwamba bidhaa itozwe kwa bei iliyolipwa kweli. Kwa gari lililotumika bei hiyo ni ngumu kuithibitisha: magari mawili ya mwaka uleule yanaweza kupishana bei kwa nusu, na ankara ni karatasi tu, yeyote anaweza kuichapa. Kwa hiyo TRA ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika, na imeiweka wazi kwenye tovuti yake kama kikokotoo. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi yake yote.

Maana yake ni nini kwako? Ukibahatika kupata gari kwa milioni 6 na kanzidata ikasema thamani yake ni milioni 7.5, jiandae kulipa kodi ya milioni 7.5. Kwa gari la zaidi ya miaka 10 na cc 1,496, hiyo ni 7,434,375, yaani kodi imeipita bei uliyonunulia. Ndiyo sababu nasisitiza kikokotoo kifunguliwe kwanza, tovuti ya muuzaji baadaye. Kinatumika bure na kwa simu, na dakika tano zinatosha.

Kuna wauzaji wa nje watakaokuuliza kwa upole kama wakuandikie bei ndogo kwenye ankara. Kataa. Ni kosa la jinai, na wala halikusaidii, maana thamani haitolewi kwenye ankara yako pekee. Ukiona thamani ya TRA haina haki, sheria inakupa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya na Kamishna, kwa maandishi. Hapo silaha yako ni ushahidi wa benki unaoonyesha ulichotuma, na ushahidi huo hauna kazi kama ankara imeandikwa uongo.

Mwaka wa gari pia una mtego. Kwenye tovuti nyingi mwaka unaoonyeshwa ni wa usajili wa kwanza kule Japani. TRA inahesabu mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba likasajiliwa Machi limeshakuwa na mwaka mmoja zaidi machoni pa forodha. Mwombe muuzaji mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chesisi, akuandikie, kabla hujalipa. Na kwa kuwa umri unahesabiwa kwa mwaka, bila miezi, gari lenye miaka 10 mwezi Desemba linaamka Januari mosi likiwa na miaka 11 na asilimia 30 za dampingi badala ya 15. Watu wa Krismasi ndio wanaoumia zaidi hapa: meli ikichelewa kidogo, sikukuu imepita na kodi imepanda.

Vivyo hivyo na mwezi wa saba. Sheria ya fedha ya kila mwaka huanza kutumika Julai mosi, na kodi inayotozwa ni ile iliyopo siku gari linapoingizwa rasmi kwa matumizi ya nchini. Siku uliyolilipia haihesabiwi. Ukiagiza Mei, isikilize bajeti ya Juni kwa makini.

Malipo yenyewe yafanyike benki, kwa TT, yaani fedha kutumwa benki kwa benki, kwenda kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lilelile lililo kwenye proforma, ile ankara ya awali ya muuzaji. Ukipewa akaunti ya mtu binafsi, au ghafla ukaletewa barua pepe kwamba akaunti imebadilika, simama. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Na kwenye nyaraka jina la mpokeaji liwe lako, pamoja na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Wakala akikushauri liandikwe jina lake ili “kurahisisha”, ujue bili ya shehena ndiyo hati inayosema mzigo ni wa nani. Ikiandikwa jina lake, kwenye karatasi gari ni lake.

Bahasha ya nyaraka ikifika iwe na vitu hivi: bili ya shehena, ankara, cheti cha Kijapani cha kufuta usajili na cheti cha ukaguzi. Ukaguzi wa ubora uko chini ya TBS, shirika la viwango, na utaratibu wake umebadilika zaidi ya mara moja. Aprili 2021 ulihamishiwa Dar es Salaam, baadaye ukarudishwa kufanyika nchi gari linakotoka. Muulize wakala utaratibu wa mwezi huo ni upi, usitegemee alivyofanya shemeji yako miaka minne iliyopita.

Wakala wa forodha ni lazima awe na leseni, na huwezi kumkwepa, kwa sababu yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingiza tamko lako kwenye mfumo wa forodha wa TANCIS. Tamko hilo huitwa TANSAD. TRA hulikagua, hutoa makadirio, na makadirio hutoka na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroli namba. Ilipe wewe mwenyewe, benki au kwa simu. Usimpe wakala fedha za kodi mkononi. Ujira wake ni kitu kimoja, kodi ya serikali ni kitu kingine, na vitu hivi viwili vikichanganyikana kwenye mfuko mmoja ndipo machozi yanapoanza.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Gari langu la kwanza nililikabidhi kwa wakala niliyeelekezwa na rafiki. Nyaraka alikuwa nazo siku 14 kabla ya meli. Kila nikipiga simu aliniambia meli bado. Nilikuja kugundua kwamba ilikuwa imeshusha kitambo, na tamko hakuwa ameingiza kwa sababu fedha niliyomtumia alikuwa ameitolea gari la mteja mwingine, akisubiri mteja huyo alipe ili anitolee la kwangu. Storeji ilikuwa inahesabika kila siku, nikailipa mimi. Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili. Naandika jina la meli na safari kutoka kwenye bili ya shehena na kuifuatilia mwenyewe mtandaoni. Na naomba namba ya TANSAD kwa maneno hayohayo. Wakala aliyeanza kazi anayo, asiyenayo hajaanza.

Tamko linaweza kuingizwa kabla meli haijafika, na wakala mzuri hufanya hivyo. Sheria inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukipita hapo unaelekea kwenye ghala la forodha, na mwisho wa njia hiyo, baada ya matangazo, ni mnada. Lakini usizisubiri siku 21. Siku za kukaa bure bandarini au kwenye bandari kavu ni chache kuliko hizo, na zikiisha mita inaanza kusoma.

Kwa sisi wa Kaskazini, Tanga ifikirie. Kutoka bandari hiyo mpaka Moshi ni kama kilomita 350, wakati kutoka Dar ni zaidi ya 550, na miaka ya karibuni kina kimechimbwa na gati kuboreshwa ili meli kubwa zifunge. Muulize muuzaji kama kuna meli ya magari inayoshusha Tanga kwa tarehe zako. Akisema hakuna, nenda Dar.

Kwa nini basi tusichukue Mombasa, na tunaiona pale karibu? Swali hili halikosekani Moshi, maana Holili ni pua na mdomo, na Arusha wana Namanga. Vituo vya pamoja vya mpakani vipo kote kuwili, Holili na Taveta tangu 2016, Namanga tangu 2018, na foleni zimepungua kweli. Lakini gari la Japani lililolipiwa kodi Kenya halijageuka kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Likivuka kuja kukaa huku linalipiwa kodi upya, kwa hesabu zetu, pamoja na dampingi yetu. Kibali cha muda anachopewa mgeni mwenye namba za Kenya ni cha muda, kama jina lake. Yupo mtu wa Taveta anayeuza gari zuri kwa bei ya kushangaza, na atakwambia utalitembelea na kibali huku ukishughulikia. Gari hilo linaweza kutaifishwa likiwa na wewe ndani, na fedha yako itakuwa imebaki ng'ambo. Kenya yenyewe hairuhusu kuingiza gari lenye umri zaidi ya miaka 8. Hiyo ndiyo sababu kubwa magari yao yanaonekana mapya, na wengi wetu hudhani ni kwa sababu ya kodi nafuu.

Arusha kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Magari ya utalii, yale Land Cruiser yenye paa la kufunguka unayoyaona yamejipanga asubuhi kuelekea Ngorongoro, mengine yaliingia kwa msamaha wa ushuru. Sheria ya Afrika Mashariki inatoa msamaha huo kwa kampuni za utalii zenye leseni, kwa magari yaliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, yenye sehemu za mizigo, vifaa vya kambi na huduma ya kwanza, na redio za mawasiliano. Msamaha umefungwa kwenye matumizi. Kampuni ikimuuzia mtu wa kawaida, ushuru uliosamehewa unadaiwa, na usipolipwa gari linashikwa. Kwa hiyo ukiletewa Land Cruiser ya utalii kwa bei poa pale Sakina au Njiro, kabla hujainama kutazama chasisi nenda ofisi ya TRA na namba ya gari, uulize liliingia kwa utaratibu gani. Muuzaji mwaminifu atakwenda na wewe.

Msamaha mwingine ni wa Mtanzania anayerudi nyumbani moja kwa moja kutoka nje: gari moja, ambalo amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko kwa angalau miezi 12. Kununua gari wiki ya mwisho kabla ya kupanda ndege hakukupi sifa hiyo.

Kodi ikishalipwa, forodha hutoa ruhusa, unalipa bandari na kampuni ya meli, unasajili. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, sehemu yake ikahamia kwenye usajili wa mara ya kwanza na kwenye mafuta, hivyo usishangae ada ya usajili kuwa nzito. Kata bima ndogo kabla hujawasha injini.

Siku ya kuchukua gari nenda mwenyewe au mtume mtu wako, siyo dereva wa kuokoteza getini. Uwe na picha za muuzaji kwenye simu, utazame redio, jeki, tairi la akiba na ufunguo wa pili. Vitu hivi vina tabia ya kupotea njiani. Kisha usome kadi herufi kwa herufi ukiwa umesimama mbele ya gari: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka, jina lako. Nimemwona dada mmoja wa Majengo aliyegundua akiwa Moshi kwamba kwenye kadi yake chesisi imeandikwa O mahali pa sifuri. Kuirekebisha kulimrudisha Dar kwa basi mara mbili, na gari likakaa uani wiki tano likisubiri herufi moja.